Karatasi Iliyosahaulika Kwenye Kioo: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Upelelezi Ndani ya Duka la Vitabu

Kijana yeyote anayeendesha mashine ya fotokopi atakuambia kwamba watu huchukua kopi wakasahau halisi. Mtu anaondoka na kopi zake nne mkononi, hati yenyewe imelala kifudifudi kwenye kioo, na anayekuja nyuma yake ndiye anayefunua kifuniko akaiona. Nyingi ni vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi. Siku moja itakuwa hati ya shamba ambayo haikutakiwa kuonekana na mtu mwingine, na hapo riwaya yako imeanza.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika riwaya ya upelelezi isiyo na mabomu wala majasusi: mji mdogo, kifo kimoja, damu haimwagiki mbele ya msomaji, na anayefumbua fumbo ni raia wa kawaida mwenye duka la vitabu. Mimi huziita riwaya za upelelezi wa barazani. Mpelelezi raia si mgeni kwetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuwa askari. Alikuwa mtu mwenye kiko, macho makali na subira. Kilicho kipya hapa ni duka, na ninashikilia jambo moja kuhusu duka hilo: lisiwe pambo. Kila anachokigundua mpelelezi wako kitoke katika kazi yake ya kuuza, kukopesha, kutoa kopi, kuhesabu na kusoma. Ukiweza kumhamishia kwenye duka la nguo na fumbo likafumbuka vilevile, bado hujaandika riwaya ya duka la vitabu.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili uone jinsi vipande vinavyoshikana. Wahusika wote ni wa kubuni, na mji pia.

Hatua ya 1: Jenga duka kabla ya kuua mtu

Waandishi wengi wanaoanza hukimbilia maiti. Wewe anza na rafu. Chukua karatasi kubwa uchore duka: mlango uko wapi, kaunta iko wapi, mwenye duka akikaa anaona nini na haoni nini. Weka stoo nyuma, mlango wa uani, ngazi ya kupandia rafu za juu. Mchoro huu utakuokoa katika sura ya ishirini, utakapojiuliza kama mtu angeweza kuingia stoo bila kuonekana kutoka kaunta.

Kisha orodhesha bidhaa, kwa ukweli. Duka la vitabu la mji wetu mdogo haliishi kwa riwaya. Linaishi kwa madaftari, kaunta buku, kalamu, rimu za karatasi, vitabu vya kiada, Misahafu na Biblia, kadi za harusi, kalenda, fotokopi, laminesheni na kuchapa barua kwa wasio na kompyuta. Januari shule zinapofunguliwa ndiyo mwezi wa mavuno. Wazazi wanapanga foleni na orodha za shule mkononi. Miezi ya katikati ni ya ukame, na mwenye duka anahesabu kodi ya pango kwa wasiwasi. Tumia majira haya. Kifo kinachotokea Januari kinampata mpelelezi akiwa hana nafasi ya kupumua. Kinachotokea mwezi wa ukame kinampata ana muda mwingi na pesa kidogo, na hiyo ni hali nzuri zaidi kwa mtu anayetaka kuchunguza.

Angalia jinsi bidhaa hizo zinavyokupa macho. Anayetoa kopi anaona vyeti. Anayechapa barua anajua nani anaomba talaka na nani anaomba mkopo. Daftari la madeni linajua mwalimu yupi hajalipa tangu mwaka jana. Kadi za harusi zinajua ndoa kabla ya bibi harusi kumwambia rafiki yake. Andika angalau mambo kumi ambayo duka lako linayajua kuhusu mji. Mawili au matatu kati ya hayo yatakuwa nguzo za fumbo lako.

Kuhusu mji, nakushauri uubuni lakini uuweke kwenye pwani, mlima au ziwa la kweli. Mji wa mfano wetu uko mahali fulani kusini ya Pangani, una gati ya zege yenye ngazi zinazoshuka majini, msikiti wa Ijumaa, kanisa, shule mbili, kituo cha polisi na minazi mingi. Kwa kuwa haupo, hakuna mkuu wa kituo halisi atakayejiona amesingiziwa. Bahari, mvua na kalenda, lakini, ni za kweli, na hapo hairuhusiwi kubuni.

Hatua ya 2: Mpe mwenye duka sababu ya kuuliza, na ugumu wa kuuliza

Mpelelezi wetu ni Mwalimu Zuhura, mjane wa miaka 61, mwalimu mstaafu aliyefungua duka kwa kiinua mgongo chake. Nimemchagua kwa sababu tatu za kikazi. Alifundisha nusu ya mji, kwa hiyo anazijua hati za mikono za watu: nani huandika herufi g yenye mkia mrefu, nani hukandamiza kalamu. Cheo cha Mwalimu hakistaafu, kwa hiyo watu wazima bado humwamkia na kumjibu. Tatu, mtu aliyekaa miaka thelathini akisahihisha insha ananusa uongo, maana aliyenakili kazi ya mwenzake hunakili na makosa yake.

Ukipenda mpelelezi kijana, uzuri wake utakuwa mwingine. Kijana hawezi kumkabili mzee na kumwuliza alikuwa wapi saa tano. Itambidi aamkie, aulizie afya, aulizie wajukuu, azungumzie mvua, ndipo alitupie swali lake pembeni kama vile halina uzito. Kwa mwandishi hii ni neema, kwani katika mazunguko hayo ndipo msomaji anapopata nafasi ya kuangalia mikono ya mzee, chumba chake na viatu vilivyo mlangoni. Usiandike mahojiano ya kipolisi katika mdomo wa raia; mzee yeyote wa kwetu angeinuka na kumfukuza.

Na kwa nini asiwaachie polisi? Jibu lake lisiwe kwamba polisi ni wajinga. Riwaya inayomdhalilisha askari kila ukurasa hudhoofisha ushindi wa mpelelezi, maana kumshinda mjinga si kazi. Afande Mwita wa mfano wetu ni mchapakazi, mkweli, ila ni mzaliwa wa Musoma, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria. Shika neno hilo, tutalirudia.

Sababu ya Zuhura iwe ya moyoni. Maiti imekutwa katika stoo yake, na anayeshukiwa ni Rajabu, kijana wa fotokopi aliyemlea tangu akiwa darasa la nne.

Hatua ya 3: Jiandikie ukweli wote kwenye ukurasa mmoja

Kabla ya sura ya kwanza, andika kilichotokea hasa, kwa mpangilio wa saa, kama unavyomsimulia hakimu. Ukurasa huu hausomwi na mtu mwingine. Wa kwangu ni huu:

Bwana Shaaban ni mfadhili wa mji. Hununulia shule vitabu na hulipa taslimu. Anadai shamba la minazi kando ya bahari kwa hati ya mauziano ya mwaka 1938 iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hati hiyo ameighushi. Siku ya mwisho ya Ramadhani, duka limejaa, anatoa kopi nne na kuisahau hati kwenye kioo. Rajabu anaitupia ndani ya boksi la karatasi zilizosahaulika. Mzee Kombo, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, ambaye huja kila siku kusoma magazeti ya jana bure na ana ufunguo wa duka, anaiona na kuitilia shaka. Anaichomoa na kuificha ndani ya rimu iliyofunguliwa, akisubiri Idd ipite amwonyeshe Zuhura. Idd pili, saa tano asubuhi, duka limefungwa, Shaaban anaingia kwa mlango wa uani kuitafuta. Anamkuta Mzee Kombo juu ya ngazi ya stoo. Wanabishana. Anaivuta ngazi.

Umeona kwamba muuaji wangu hakupanga kuua. Katika aina hii ya riwaya napendelea kosa la dakika moja linalofunikwa na uongo wa wiki sita. Mji mdogo hauaminiki ukiwa na muuaji mwenye mipango ya miaka. Unaaminika sana ukiwa na mtu mwenye heshima anayeogopa kuipoteza.

Hatua ya 4: Waongo watano

Wanne au watano wanatosha. Kila mshukiwa adanganye jambo moja, na kila uongo uwe na sababu yake, ambayo kwa wengi haihusiani na kifo. Dalali wa viwanja anaficha kwamba alichukua pesa kwa wanunuzi wawili. Bi Tatu, binti wa marehemu, anaficha kwamba aligombana na baba yake usiku wa kuamkia Idd. Rajabu hataki kusema alikuwa wapi kwa sababu alikwenda kumwona baba yake, ambaye mama yake alimkataza asimtambue. Siri ya Rajabu ndiyo itakayomliza msomaji, kwa hiyo usiifumbue mapema.

Hatua ya 5: Vidokezo, na jinsi ya kuvificha mbele ya macho

Hapa ndipo riwaya inaposimama au kuanguka. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza Ronald Knox, mwenyewe mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za sanaa hii. Mbili kati yake zinatosha kubandikwa ukutani: bahati isimsaidie mpelelezi kufumbua fumbo, na kila kidokezo anachokiona mpelelezi msomaji aonyeshwe papo hapo. Mwaka 1930 waandishi wenzake walianzisha chama chao London, Detection Club, na wanachama waliapa kutomhadaa msomaji. Kiini cha kiapo kile ni heshima. Msomaji amekupa siku zake tatu; akifika mwisho awe na haki ya kusema, “Nilikiona, sikukijali.”

Kwa mwenye duka la vitabu, kidokezo bora ni kile ambacho mtu wa kazi nyingine angekipita. Hivi hapa baadhi ambavyo ni vya kweli na unaweza kuvitumia.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Kabla ya hapo ilikuwa na 10, na kitabu cha miaka ya 1950 hakina kabisa kwa sababu mfumo wenyewe haukuwapo. Tarakimu za ndani husema kitabu kimetoka wapi: 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya. Mtu akileta “chapa ya kwanza ya mwaka 1975” na nyuma yake kuna namba yenye tarakimu 13, mwenye duka amekwisha kujua kabla hajafungua jalada.

Majina na pesa. Jina Tanzania halikuwapo kabla ya 1964, na shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Muhuri au bei iliyoandikwa ndani ya kitabu cha zamani inaweza kumsaliti aliyeighushi.

Wino. Kalamu za biki hazikuwa sokoni kabla ya miaka ya 1940. Barua ya mwaka 1920 yenye mstari wa biki ni ya uongo. Lakini hiki ni kidokezo chepesi, na mghushi wako asiwe mjinga. Shaaban wetu alitumia kalamu ya kuchovya na mtu mwenye mwandiko mzuri.

Karatasi. Hiki ndicho nilichokichagua, na nakipenda kwa sababu kifaa chake kipo kwenye kaunta nyingi. Taa ya zambarau ya kukagulia noti hufanya kazi kwa sababu karatasi ya noti haitiwi kemikali za kung'arisha, wakati karatasi nyingi nyeupe za viwandani, tangu takriban mwaka 1950, zimetiwa. Chini ya taa hiyo noti halisi hubaki hafifu, isipokuwa alama zake maalumu. Karatasi ya kawaida huwaka buluu nyeupe. Karatasi ya mwaka 1938 haitawaka. Hati ya Bwana Shaaban, iliyopakwa chai ikaonekana ya kale, inawaka kama shati la Idd. Mwalimu Zuhura anakagua noti mara hamsini kwa siku, kwa hiyo unaweza kumwonyesha msomaji taa hiyo katika sura ya 2, ya 6 na ya 11, kila mara kwa noti ya elfu kumi, na hatashuku kwamba siku moja itawekwa chini yake kitu kingine.

Saa. Sisi tunahesabu saa toka macheo, simu zinahesabu toka usiku wa manane. Ujumbe wa muamala husema 11:04 AM, mdomo husema saa tano na dakika nne. Waandishi wengi hushawishika kujenga fumbo zima hapa. Tahadhari: msomaji wa Kiswahili amekua na hesabu hizo mbili, ataling'amua kabla ya chai. Litumie kwa mgeni tu, au kwa mtoto, au usilitumie.

Bahari. Hiki ndicho kitakachomfunga muuaji. Maji hufuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo siku za bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu siku hizo hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, yakapwa kati ya saa nne na saa tano. Sasa, Idd-el-Fitr ni siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, mwezi umeandama. Basi kila Idd pili, kila mwaka, saa tano asubuhi maji yako mbali. Bwana Shaaban amesema saa hiyo alikuwa anashuka gatini na maji yalikuwa ngazi ya tatu toka juu. Mvuvi yeyote angecheka. Lakini maelezo yake ameyatoa kwa Afande Mwita, aliyekulia kando ya ziwa ambalo maji yake hayapwi wala hayajai.

Sasa namna ya kuficha. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuweka kidokezo ndani ya orodha, kisichokuwa cha kwanza wala cha mwisho, kisha kuleta pigo la moyo mara moja. Mfano, kutoka sura ya 9:

Afande Mwita alifungua daftari lake juu ya kaunta, kando ya boksi la chaki.

“Wote wana watu wa kuwasemea, Mwalimu. Bi Tatu alikuwa jikoni kwa shemeji yake. Dalali alikuwa Muheza. Bwana Shaaban ndiyo alikuwa anashuka gatini, saa tano, anasema maji yalikuwa ngazi ya tatu, akalowa mpaka viatu vipya vya Idd. Ila huyu kijana wako, Rajabu...”

“Rajabu amefanyaje?”

“Hataki kusema alikuwa wapi.”

Mwalimu Zuhura alisogeza boksi la chaki upande wa kulia, kisha akalirudisha lilikokuwa. “Afande,” alisema, “mtoto yule hajala tangu jana.”

Msomaji anaondoka na njaa ya Rajabu. Maji ya ngazi ya tatu ameyasoma, hajayaona. Viatu vilivyolowa vimesaidia, kwa kuwa msomaji huamini maelezo yenye kitu cha kushikika.

Lakini mbona Mwalimu mwenyewe, mtu wa pwani, hakushtuka? Usilikimbie swali la namna hii. Msomaji mkali ataliuliza. Jibu ni Rajabu: jina lake lilitajwa kabla maneno hayajatua. Atakumbuka sura ya 24, mtoto wa darasa la sita atakapokuja kununua kitabu cha jiografia, afungue ukurasa wa kupwa na kujaa kwa maji palepale kaunta na kuuliza, “Mwalimu, kwa hiyo mwezi ukiandama maji yanakuwa makubwa?” Atanyamaza, atageuka kutazama kalenda ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Duka limefanya kazi yake. Mtoto kuja kununua kitabu si bahati. Ni jambo linalotokea kila siku dukani, na msomaji amekwisha kuwaona watoto ishirini kabla yake.

Hatua ya 6: Msiba ni chumba chako cha mahojiano

Kama marehemu ni Mwislamu, atazikwa haraka, mara nyingi siku ileile. Wenye kuandika kwa kuiga riwaya za nje husahau hili na kuiacha maiti hospitalini wiki mbili. Mazishi ya haraka yanabana muda: polisi wanahitaji uchunguzi wa daktari, familia inaomba mwili wao kabla ya Alasiri, na mpelelezi ana saa chache tu za kuona alichokiona. Kubanwa huko ndiko kunakokupa taharuki bila bunduki.

Kisha kuna matanga. Hakuna mahali pengine mji mzima unakaa pamoja siku tatu. Wanawake jikoni wanapekecha nazi na maneno, wanaume nje kwenye majamvi. Zuhura hahitaji kumwita mshukiwa hata mmoja. Anakaa, anachambua mchele, anasikiliza. Anaona nani ametoa rambirambi kubwa kupita uhusiano wake. Anaona kanga. Maandishi ya kanga yana mwelekeo, na mwanamke anayevaa fumbo la kusuta kwenye msiba amemvalia mtu. Tunga maneno ya kanga yako mwenyewe, mafupi, yenye pande mbili.

Barazani kwa kahawa, kwa upande mwingine, mwanamke wa umri wake hakai. Hapo ndipo Rajabu anapohitajika. Mwandani wa mpelelezi awe na mlango ambao mpelelezi hana.

Hatua ya 7: Sura thelathini

Panga sura 30 za maneno kama 1,600; utapata maneno 48,000, urefu unaofaa kwa riwaya ya Kiswahili ya namna hii. Maiti ionekane mwisho wa sura ya 3, si baadaye, lakini msomaji awe amekwisha kumpenda Mzee Kombo na magazeti yake ya jana. Sura ya 10, Rajabu anakamatwa. Sura ya 15, mshukiwa tuliyemdhania zaidi anaonekana hana hatia. Sura ya 19, Zuhura anafungua rimu iliyokwisha funguliwa na kukuta hati. Sura ya 20, hati inawekwa chini ya taa. Sura ya 24, mtoto na jiografia. Sura ya 28, ufichuzi. Mbili za mwisho ziachie watu wapumue.

Katikati, kati ya 11 na 18, ndipo rasimu nyingi hufa. Dawa yake ni kazi ya duka: wakaguzi wa mapato wanakuja, mashine inaharibika, mwenye nyumba anapandisha kodi. Matatizo hayo yasiwe ya kujaza kurasa. Mashine ikiharibika, fundi anaifungua na kukuta kipande cha karatasi kilichokwama, chenye herufi tatu za Kiarabu.

Hatua ya 8: Ufichuzi kwenye arobaini

Riwaya za Kiingereza hupenda kuwakusanya washukiwa sebuleni, na mwandishi hutoka jasho kutafuta kisingizio cha kuwakusanya. Sisi tuna arobaini. Khitma inasomwa, pilau linapakuliwa, mji mzima upo. Tena adabu inakataza kumtuhumu mtu katika nyumba ya marehemu, na katazo hilo ndilo litakalokupa onyesho lako bora. Mwalimu Zuhura hamtuhumu mtu. Anamwomba tu Bwana Shaaban, mbele ya manahodha na wavuvi waliokaa jamvini, asimulie tena jinsi alivyolowa viatu siku ya Idd pili.

Andika sentensi yake fupi, kama alivyoiandika Afande. Kisha andika ukimya. Mzee mmoja mvuvi anaacha tonge hewani. Mwingine anauliza taratibu, “Saa tano, baba? Idd pili?” Usieleze bamvua hapo, mweleze msomaji sura nne nyuma ili hapa aelewe pamoja nao. Afande Mwita, aliyealikwa kula kama watu wengine, anatazama nyuso za wavuvi mmoja baada ya mwingine, na anafunga daftari lake.

Muuaji asikimbie na kisu. Ashushe macho, anawe mikono, atoke nje kwa miguu yake. Mji uliompenda utaumia, na uumie kweli. Nani sasa atanunua vitabu vya shule? Swali hilo libaki juu ya Mwalimu Zuhura katika sura ya 29, na jibu lake lisiwe rahisi.

Hatua ya 9: Kusahihisha

Rasimu ya kwanza ikiisha, iweke kando mwezi mzima. Kisha isome mara tatu, kila mara kwa jicho moja tu. Mara ya kwanza soma kama muuaji: kila anapotokea, anajua anachokijua, je, anasema kama mtu anayekijua? Mara ya pili soma kama saa: chukua kalenda ya mwaka uliochagua, tarehe za Kiislamu pembeni, uhakikishe Idd, Ijumaa na mwezi vinapatana. Mara ya tatu soma kwa sauti, mazungumzo peke yake. Kila “shikamoo” ina “marahaba” yake? Rajabu anasema “Mwalimu” kila mara, au kuna siku moja tu, sura ya 30, ananong'ona “Mama”?

Baada ya hapo tafuta wasomaji watatu wa majaribio. Mmoja awe muuza vitabu. Mmoja awe mvuvi au nahodha, na kama hasomi riwaya, msomee wewe sura ya 9 kwa sauti uangalie uso wake ufikapo kwenye ngazi ya tatu. Akishtuka huku msomaji wa bara hajashtuka, umepima vizuri. Wa tatu awe msomaji wa kawaida. Wafikapo mwisho wa sura ya 20, waandike jina la wanayemshuku kwenye kikaratasi, wakifunge ndani ya bahasha, waendelee kusoma. Bahasha zote tatu zikiwa na jina la Bwana Shaaban, rudi sura ya 9 umpunguzie maneno. Zikiwa hazina, na mwishoni wote watatu wakarudi kurasa za nyuma kutafuta walipopita, peleka mswada kwa mhariri.